Kwenye Runx tairi nzuri zikae nyuma, baba mkwe wangu ni shahidi

Wangaluka wakuu! Salaam kutoka Ng'ambo, Tabora mjini.

Hii ni kweli tupu. Chumvi nitatia kidogo, nimezaliwa nayo, ila tukifika kwenye tairi sitii hata punje.

Nina Runx, ile ya gia sita za mkono. Ni kagari kadogo, lakini nikikanyaga mafuta hapa mjini, mbuzi wa Igalula wanapisha njia.

Shida yangu ilikuwa Mzee, baba yake mchumba wangu Neema. Ameendesha treni mpaka akastaafu. Posa alipokea vizuri, ila akatoa sharti: "Binti yangu hapandi hicho kijigari. Kinakata kona kama panzi."

Kwa hiyo Neema akienda kwa shangazi yake Ziba anapanda basi. Mimi na Runx yangu tunabaki stendi tunapunga mkono. Wakuu, inauma!

Sasa Jumamosi ya kipaimara huko Ziba, basi likafia stendi. Mvua hiyo! Mzee akanitazama, akaitazama Runx.

"Haya. Mbele nakaa mimi, Neema nyuma. Ukinitia hofu mara moja nashuka, na mambo ya harusi tutaongea mwakani."

Hapa nitue kidogo niwaambie habari ya tairi.

Nilikuwa nimetoka kununua mbili mpya. Saizi ileile iliyoandikwa kwenye mlango, ubavu una nyama, siyo zile nyembamba kama raba ya kufungia noti. Mtaa mzima: funga mbele, si ndiko injini inakovuta? Mimi nikafunga nyuma. Za mbele zilibaki za zamani, kashata, yaani meno ya tairi, bado zipo za kutosha.

Kaka yake Neema, Dotto, alicheka mpaka akakaa chini. "Shem, umemvalisha ng'ombe viatu mkiani!"

Sikilizeni. Gari la kuvuta mbele, pua ikiteleza unaisikia kwenye usukani. Unapunguza mafuta, inarudi. Mkia ukiteleza kwenye maji haukuambii kitu, unakuja tu kukusalimia dirishani. Wangu uliwahi kunisalimia, nikasoma plate namba yangu mwenyewe! Siku ile msuguano niliofundishwa masomo ya usiku niliuelewa wote kwa mpigo.

Basi tukaondoka.

Kila kona nafunga breki gari likiwa bado limenyooka, nashusha gia, naingia taratibu, mguu umetulia kwenye mafuta. Siongezi mafuta mpaka usukani uanze kunyooka.

Tumeshapita Nzega, kona ndefu, lami inang'aa maji. Niko katikati yake, lahaula! Ng'ombe. Nadhani walikuwa wote wa mkoa.

Nikaachia mafuta, nikagusa breki kama nagusa yai. Wakuu, hapo ndipo mkia hukimbia. Wangu haukutikisika! Runx ikakaa kwenye mstari wake, ikasimama mbele ya fahali mmoja aliyenitazama kwa heshima.

Nasubiri kusikia "fungua mlango nishuke."

Wapi!

Nageuka, Mzee amelala! Mdomo wazi, anakoroma. Kona bora ya maisha yangu, na hakimu amesinzia!

Neema huko nyuma kajiziba mdomo kwa kitenge, analia kwa kicheko. "Usimwamshe."

Ziba tukala, tukacheza. Jioni wakati wa kurudi nikamfungulia Mzee mlango wa mbele kwa adabu zote. Akaupita. Akafungua wa nyuma, akavua kofia, akajinyoosha.

"Neema, nenda kakae mbele na mwenzio. Mimi nataka kulala vizuri."

Wakuu, nilirudi Tabora nimevimba kifua mpaka mkanda ukakataa kufunga.

Funzo: ukinunua mbili, funga nyuma hata kama injini inavuta mbele, na za mbele zisiwe vipara. Mwendo umalize kabla ya kona, siyo ndani yake. Babu zetu walitoka huku na mizigo mpaka pwani kwa miguu, sisi kona itushinde?

Wabishi karibuni, leteni hoja. Shem Dotto najua unasoma. Mwambie dada yako akusimulie habari za ng'ombe mwenye viatu.