Safari ya Karibi Niliyompangia Mdogo Wangu

Gari yangu ilikuwa imeinuliwa juu kwenye gereji moja ya mtaa wa Ghala, hapa Maskati, kiyoyozi kimekufa, na sisi wawili tumekaa kwenye viti vya plastiki tunakunywa chai ya maziwa, ndipo mdogo wangu aliponiambia. Namwita mdogo wangu, lakini kwa hakika ni binti wa khalati, mdogo wake mama. Tumelelewa nyumba moja mtaa wa Ghubra mpaka alipokwenda Uingereza kusoma, akapata kazi, akabakia huko. Siku hizo alikuja Maskati kwa likizo fupi.

"Dada," akasema, "yule rafiki yangu ninayekaa naye..."

"Mpenzi wako," nikamkatiza.

Alinitazama kama niliyemmwagia chai mapajani. "Umejua lini?"

"Tangu uliponitumia picha yake ana mafua, ukaniandikia kwamba nyumba nzima imepooza. Rafiki akiugua, mtu haandiki hivyo."

Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Fundi akachungulia kutoka chini ya gari, akatuhakikishia kwamba itapona.

Hapo ndipo lilipotoka lote. Walikuwa wameoana huko Uingereza, wao wanawake wawili, kwa shughuli ndogo, na walitaka kwenda kula fungate visiwa vya Karibi. Bibi yake mwenziwe alizaliwa Jamaika, na mwenziwe alikuwa na hamu ya kukiona kijiji chake. Mdogo wangu alikuwa na hofu. "Weye unafanya kazi ya safari," akaniambia. "Nitafutie mahali ambapo mtu wa mapokezi akituona hatatutazama mara mbili."

Kazi ya safari naifanya kweli. Nimepeleka watu Umra, nimepeleka maharusi Zanzibar, nimepeleka familia nzima na bibi kizee wao Uturuki. Karibi sikuwa naijua hata kidogo. Nikaanza kusoma, nikagundua kwamba watu wanasema "Karibi" kama vile ni mtaa mmoja, kumbe kila kisiwa kina serikali yake na sheria zake. Vingine vimeshafuta sheria za mkoloni za kuwaadhibu watu kama mdogo wangu. Jamaika haijazifuta, ingawa maneno yake yanawalenga wanaume. Na kwenye kile cha Kurasao, kilicho chini ya ufalme wa Uholanzi, wanawake wawili wanaoana bila ya mtu kushtuka.

Lakini sheria haikwambii mtu wa mapokezi ana uso gani. Kwa hiyo nikawa napiga simu. Tukishasali alasiri hapa, kule ndiyo kwanza asubuhi, watu wanakunywa kahawa. Niliuliza waziwazi: wageni wangu ni wanawake wawili, mke na mke, wanataka kitanda kimoja, je, watapokewa vizuri? Hoteli moja kubwa ilinijibu kwa adabu kwamba vyumba vyao vizuri zaidi ni vya vitanda viwili. Nikaaga kwa adabu hiyo hiyo. Kwenye nyumba ya wageni ya Kurasao simu ilipokewa na mama mmoja mwenye sauti nzito, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa. Sasa niambie jambo la maana: wanapenda jua la asubuhi au la jioni?" Nilimpenda pale pale.

Mdogo wangu alikuwa amesharudi Uingereza, nikawa namtumia ujumbe wa sauti. Jamaika mkae kwenye nyumba ya ukoo, mwendeshwe na dereva anayejulikana na wenyeji. Sokoni kila mmoja na mikono yake, kama tunavyotembea hapa Maskati. Msikutane na watu wa mtandaoni msiowajua. Picha za pamoja zisubiri mpaka mmeshaondoka. Kila mmoja aandike jina la mwenziwe kwenye bima, ili mmoja akiugua, mwingine asiambiwe asubiri nje kama mpita njia. Na mkifika Kurasao, mshikane mikono mpaka mchoke.

Nilidhani niko peke yangu. Mama alikuwa mlangoni, kashika sinia la mchele anaochagua.

"Unamwambia mdogo wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule mwenziwe."

Nikaiweka simu chini. Nyumbani kwetu mambo mengine huishi miaka bila ya kutajwa, na si lazima yafe kwa sababu hayakutajwa. Mama akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Mie sikuuliza, na weye usinijibu. Nnataka kujua kitu kimoja tu. Huyo mwenziwe anakula pilipili?"

"Anakula, mama. Kwao wanakula kali kuliko yetu."

"Alhamdulillahi," akasema mama. "Na huko wanakokwenda kunaitwaje?"

"Karibi."

"Jina zuri. Kama mtu anakukaribisha, ila mdomo umejaa wali." Akaondoka anacheka peke yake.

Wakaenda. Ujumbe wa kwanza ulinijia nikiwa ofisini, nikalazimika kutoka nje nicheke vizuri. Walifika Jamaika, kijijini kwa bibi wa mwenziwe, wakapokewa na dada wa bibi, ajuza wa kanisa, kofia kubwa, Biblia mkononi. Walikuwa wamejizoeza kusema ni marafiki. Yule ajuza akawasikiliza, akawaongoza chumbani, akawaonyesha kitanda kimoja kimetandikwa shuka nyeupe, maua juu ya mto.

"Vitanda viko vingi," akawaambia, "lakini hiki ndicho chenye chandarua kizima. Mbu wa hapa hawana dini."

"Dada," mdogo wangu akasema kwenye simu, sauti inapasuka kwa furaha, "mpaka tunaondoka hatukujua kama anajua."

Nilimhadithia mama. Akaweka kikombe chini. "Anajua," akasema. "Mtu haweki maua kwa ajili ya mbu."

Kutoka Kurasao zilikuja picha, sasa bila ya hofu: wameshikana mikono mbele ya nyumba za rangi za mji, mwenziwe kavaa gauni la manjano, mdogo wangu kaungua pua. Mama mwenye nyumba ya wageni aliwapikia samaki, akawavuta wacheze ngoma uani mpaka mdogo wangu, ambaye harusini hujificha jikoni, akakata kiuno mbele ya majirani.

Msimu wa baridi ulipoingia wakaja Maskati wote wawili. Hapa walikuwa wageni wetu tu, basi, na hakuna aliyehitaji neno jingine. Ijumaa moja tukaenda mji wa pwani wa Qurayyat, tukatandika mkeka chini ya mitende. Mama akamkalisha yule mkwe asiyeitwa mkwe ubavuni mwake, akawa anamchambulia samaki miiba na kumfundisha Kiswahili.

"Sema, mwanangu: mie nimeshiba."

Yule akatazama sinia, akamtazama mama, akafikiri. "Mie... sijashiba."

Mama akajipiga paja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwongezea wali.