Mfinyanzi Niliyemkamata Ngitilini

Nilimkamata kwa mkono wangu mwenyewe. Sikutumwa na mtu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Oktoba limeshakuwa kali, nami nakagua mpaka wa ngitili, lile eneo la nyasi na miti ambalo kijiji kilikubali kulifunga ili lipumzike. Nikasikia shoka.

Wakati huo, miaka ya tisini, nilikuwa bwana miti msaidizi katika kijiji kimoja cha Shinyanga vijijini. Semina zilinifundisha kwamba nchi yetu inageuka jangwa, kwamba tukiendelea kukata mvua zitapotea kabisa. Niliamini kila neno. Bado naamini, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Mwenye shoka alikuwa mama mjane, mfinyanzi. Alikuwa ameangusha mgunga mmoja, nusu mkavu, nusu mbichi.

"Shikamoo, mayu," nilimwambia. Hata kwa hasira nisingeweza kumwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, bila kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo nachoma vyungu. Samadi peke yake haitoshi, vinapasuka."

"Sheria unaijua."

"Naijua. Sasa nichomee nini?"

Nilimnyang'anya shoka, nikampeleka kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Nilidhani watamwonya tu, au watamtoza mbuzi.

Kamanda wao alisema panahitajika mfano. Wakamlaza kifudifudi mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume wawili wakamkalia miguu, wa tatu akaanza kumcharaza kwa fimbo ya mkwaju. Vumbi lilimwingia mdomoni kila alipolia. Kwenye fimbo ya tano au ya sita alirudisha mkono nyuma kujikinga, na fimbo ikatua juu ya mfupa. Niliusikia ukivunjika. Mpigaji naye aliusikia, kwa sababu alimtazama kamanda. Kamanda akamwashiria kwa kichwa: endelea.

Nilisimama pale tangu mwanzo hadi mwisho. Sikusema acheni.

Siku tatu baadaye, mchana, lori lilitoka ndani ya ngitili hiyohiyo likiwa limesheheni magogo mabichi. Yalikuwa matimba, miti ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu, na yalikuwa yanaelekea Geita. Nililaza baiskeli katikati ya barabara. Dereva hakushuka, alinyoosha karatasi dirishani. Kibali, mhuri, sahihi. Kabla sijamaliza kusoma, utingo aliruka chini akanizaba kofi nikaanguka, kisha akaipiga baiskeli mateke mpaka gurudumu likapinda. Kamanda wa sungusungu alikuwepo na vijana wake. Alichukua ile karatasi, akaitazama.

"Kibali kipo," alisema. "Wapishe."

Wiki hiyohiyo wageni wa mradi wa kuhifadhi miti walikuja, na kijiji kikaitishwa mkutano. Mimi ndiye niliyepangwa kuzungumzia ukame. Nilikuwa nimeanza tu aliposimama mfinyanzi, mkono umefungwa vijiti na kitambaa cha kanga.

"Babu zetu waliamriwa wafyeke miti ili mbung'o wafe," alisema. "Wakafyeka. Baba zetu wakaambiwa walime pamba. Wakafyeka tena. Leo mvua imetukimbia, na anayelipa ni mimi na shoka langu? Lori la juzi limelipa kwa mkono gani?"

"Kaa chini!" kamanda alifoka. Kijana wake mmoja akamvuta, akamshika palepale palipovunjika.

Sijapata kusikia mtu akipiga yowe kama lile. Wanawake waliinuka wote kwa pamoja. Yule kijana alipigwa kwa mipini ya majembe waliyotoka nayo shambani mpaka akalala chini. Kamanda alikimbia huku damu ikimtiririka sikioni. Wageni waliingia kwenye gari lao. Mimi sikukimbia, sijui kwa nini. Wanawake waliniburuta hadi kwenye kitalu changu cha miti, wakakanyaga miche yote, wakachana viriba, vile vifuko vya kuoteshea, wakanipiga kwa mipini hadi meno mawili yakang'oka. Mfinyanzi alifika mwishoni. Alinipiga mara moja tu, usoni, kwa mkono mzima. Hilo ndilo pigo ninalolikumbuka.

Polisi walinikuta zahanati nikitibiwa, wakataka majina ya walionipiga. Nikasema sikuona mtu. Wakanitukana, wakaondoka. Uso ulipopungua kuvimba, nilikwenda kwenye kikao cha kata nikaeleza habari za lori, za kibali, na za mkono uliovunjwa nami nikitazama. Mwezi haukuisha nikaachishwa kazi.

Kelele za wanakijiji kuhusu lori hazikuzimika, hata hivyo. Mwaka uliofuata mkutano wa kijiji ulimwondoa kamanda. Sehemu ya ngitili ikatengwa, wanawake waokote kuni kavu na kukata matawi kwa zamu, na ikaamuliwa kwamba hakuna lori litakaloingia bila mkutano wenyewe kuridhia. Miti ilirudi, tena kwa kasi kuliko nilipokuwa nailinda mimi.

Mkono wa mfinyanzi uliunga ukiwa umepinda, na hakuweza tena kufinyanga. Kabla sijahama nilikwenda kwake, nikapiga magoti mlangoni, nikamwomba msamaha. Alikuwa anapepeta mtama kwa shida, ungo ameuegemeza pajani.

"Nimekusikia," alisema.

Nilingoja aongeze neno. Aliendelea kupepeta.