Gunzi kwenye Pua ya Hita

Jumamosi, Julai 1989. Upepo mkali tangu asubuhi. Milima imejifunika mawingu, na huku chini Same hakuna hata tone, vumbi tu.

Tulikuwa tunakaa kwenye karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu, ambayo wahandisi wa barabara walimwachia mume wangu, dereva wao, walipoondoka. Ndani mlikuwa na bafu dogo, na ukutani kwa nje, nyuma ya kifuniko, hita ya gesi ya kuchemshia maji. Kabla hajasafiri mume wangu alinifundisha: hakikisha tangi limejaa, fungua mtungi wa gesi, bonyeza kitufe, washa kiberiti, ngoja moto usimame. Kile kibomba cha shaba kinachotokeza alikiita pua. Maji yakizidi moto, hita inapumulia hapo. "Ikidondosha, iache."

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Myamba, huko milimani, mifupa inamuuma, nikamwahidi maji ya moto. Nikawasha. Alipoingia kuoga nikakaa nje kuchambua maharage. Baada ya muda nikasikia hita inanguruma, kama mtu anayekoroma huku kifua kimembana. Nikafungua kifuniko. Puani palikuwa na gunzi la mahindi, limekazwa kwa mpira wa baiskeli, vile wanavyoziba kibuyu.

Nikagonga ukuta wa bati.

"Mama! Hili gunzi umeliweka wewe?"

"Nani mwingine?" alijibu kutoka bafuni. "Tangu umeiwasha pua inatoka kamasi na wewe unaitazama tu. Si wewe unayelilia maji kila siku?"

Kulilia nilililia kweli, maana tulikuwa tukiyafuata mbali. Na kwao kila chombo chenye mdomo kina gunzi lake. Siwezi kusema alikosea peke yake. Kazi ya pua nilikuwa sijamweleza, na sijui kama ningeieleza vizuri.

"Mama, toka upesi! Itapasuka!"

"Nina sabuni machoni! Unanifukuza?"

Nilikimbia mbele ya karavani kufunga mtungi. Koki ilikuwa ngumu kwa vumbi, au ni mikono yangu tu, kwa sababu kwanza niliizungusha upande wa kufungulia. Mwishowe moto ukazimika. Ngurumo haikuzimika.

Mlango wa bafu haukuwa na komeo. Lakini mkwe anaoga! Nilisimama pale, naogopa hita, naogopa na mlango, na hadi leo sijui kipi nilikiogopa zaidi. Nikavua kanga yangu ya juu, nikafumba macho, nikaingia kinyumenyume. Nikapapasa, nikamfunika, nikamvuta hadi nje huku akinitukana kwa Chasu, lugha ya kwao.

Tulikuwa hatujafika kwenye mafiga ya kupikia pale nje gunzi lilipofyatuka. Likagonga ndoo, ndoo ikaanguka, mvuke ukatoka kwa mluzi mrefu. Mama alikaa chini vumbini na sabuni yake. Nami nikakaa kando yake.

"Ile hita ingepasuka, ingenipata mimi?"

"Ingekupata, mama."

Mluzi ukaisha.

"Umeniona?"

"Nilifumba macho, mama."

"Haya."

Alinawa uso kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo. Halafu akaliokota gunzi, akalitazama pande zote, akalichomeka motoni kwenye mafiga, chini ya sufuria. Jioni tulikula makande.