Sauti Iliyoita Mwizi

Mimi ndiye niliyeita mwizi. Naanza hapo kwa sababu nimejaribu kuanzia mahali pengine mara nyingi katika daftari hili, na kila mara nilijikuta nalizunguka hilo neno kama mtu anayekwepa dimbwi. Aliyerusha jiwe la kwanza alikuwa mteja wangu, fundi wa viatu. Lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amekaa kwenye benchi yangu akisikiliza wimbo wa mwanaume anayeomba msamaha, mpaka akajipangusa macho kwa aproni. Sisemi hivyo kumchafua. Kama nisingeita, mkono wake ungebaki na sindano ya viatu.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Matisi, Kitale, miaka ya elfu mbili na kitu, kabla simu za kucheza nyimbo hazijatufikia. Mtu alileta kanda tupu, akachagua nyimbo, nami nikazitoa kwenye santuri. Rumba nilikuwa nazo, za injili pia, lakini watu walitoka mbali kuja kwangu kwa sababu ya soul, nyimbo za zamani za Wamarekani weusi. Santuri hizo niliachiwa na mjomba, ambaye aliwahi kuwa mpishi katika shamba la wazungu.

Nimejiuliza sana kwa nini zilipendwa hivyo. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo jibu langu si la kutegemewa. Katika Kiingereza cha nyimbo hizo nilishika maneno machache tu: tafadhali, mpenzi, usiende. Wateja wangu hawakunizidi sana. Lakini hakuna aliyeniomba nimfasirie. Kwetu mwanaume akilia mchana na hakuna msiba, watu wanauliza amekunywa nini. Sasa hapa kuna mwanaume mzima, sauti yake ni ya mtu anayeweza kubeba gunia, na anaomba mbele ya tarumbeta bila aibu. Unasikia kabisa kwamba amepiga magoti. Ngoma inamngojea apumue ndipo igonge. Nyimbo nyingine zilichosha baada ya mwaka. Hizi ziliwazidi umri nusu ya waliozisikiliza, na bado mtu aliniambia, "Fundi, rudisha hapo anaposhindwa." Ndipo walipopapenda, pale sauti inapovunjika.

Nisidanganye kwamba ziliwafanya watu kuwa wapole. Wateja wawili walipigana kibandani kwa sababu ya zamu. Mmoja alimgongesha mwenzake mdomo kwenye kona ya spika, jino likaanguka sakafuni, na wimbo haukusimama. Jirani yangu mmoja alikuwa akimpiga mke wake, halafu anakuja vidole vimevimba, anaagiza wimbo wa mtu anayembembeleza mkewe arudi nyumbani. Nilimrekodia. Nilimwambia kanda iko tayari, basi. Hakuna kingine nilichomwambia.

Kulikuwa na mteja wa Bungoma, upande wa Kibabii. Kazi yake ilikuwa kupanga magunia ya mahindi katika stoo ya mfanyabiashara mmoja pale Moi's Bridge. Alikuja Jumamosi mchana, akanunua soda moja na kuinywa saa nzima, akisikiliza. Santuri yangu nzuri kuliko zote ilikuwa imepinda kwa jua la dirishani, sindano ikawa inaruka. Akaniambia, "Fundi, nipe hiyo. Naiweka katikati ya vioo viwili, juu yake magunia kumi. Stoo ni ya mabati, joto liko. Wiki mbili inanyooka."

"Itavunjika."

"Haivunjiki, bana. Mahindi hayana haraka. Yanakandamiza pole pole. Zangu mbili nilizinyoosha hivyo, njoo uone."

Nilikataa. Nilikuwa na sheria moja tu, kwamba kanda zinatoka na santuri hazitoki.

Siku yenyewe nilikuwa nimeenda mjini kutafuta mkanda wa kuzungushia mashine, mke wangu akabaki kibandani. Nilirudi kama saa nane mchana. Kabla sijafika mlangoni niliona mgongo wa mtu ukienda haraka kuelekea barabara kubwa. Koti lake lilikuwa limevimba ubavuni, na ukingo mweusi wa santuri ulitokeza chini ya kwapa. Nimejiuliza kama kweli sikumtambua. Nafikiri sikumtambua. Lakini kuna siku naamini nilimtambua, na kwamba nilikasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nimemkatalia.

Nikasimama mlangoni nikaita, "Mwizi! Mwizi huyo! Shikeni!"

Mke wangu akatoka mbio. "Nani mwizi?"

"Huyo, ana santuri yangu!"

"Si nimempa mimi! Ati anaenda kuinyoosha chini ya magunia. Nilifikiri mmekubaliana!"

Alikuwa amemaliza kusema kabla ya jiwe la kwanza, au baada yake? Yeye anasema kabla. Mimi nakumbuka baada. Kama ni kabla, basi nilikuwa na nafasi ya kuita tena na sikuita. Namwachia yeye, kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu.

Jiwe lilimpata kisogoni. Alianguka kwa magoti, akawa anageuka kuangalia, na hapo watu wakafika. Sijui walitoka wapi. Walikuwa watu wa vibanda, wa mkokoteni, wa boda boda za baiskeli, na mmoja alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Walimpiga mateke mbavuni mpaka nikasikia mbavu. Mtu alimkanyaga mkono ulioshika santuri, santuri ikavunjika vipande, na mwingine akachukua kipande kirefu chenye ncha akamchana nacho kutoka shavuni hadi sikioni. "Lete tairi!" mmoja akasema. "Petroli iko wapi?" Aliyeuliza hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anayeuliza chumvi iko wapi.

Nilikimbia nikaingia katikati yao. Nilisema, "Wacheni, si yeye, ni makosa," lakini nilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya dukani. Mtu alinisukuma bila hata kunitazama. Na yule wa chini alikuwa anaomba. "Tafadhali, jameni. Tafadhali, ndugu zangu." Sauti yake ikapanda, ikavunjika. Hili ninaliandika kwa aibu: jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba nimewahi kuisikia sauti hiyo, na kwamba ilikuwa nzuri. Watu walewale waliokuwa wananiambia nirudishe hapo anaposhindwa walikuwa wamesimama juu yake, na hakuna aliyesikia kitu.

Aliyemwokoa ni mama wa uji, aliyeuza hatua chache kutoka kibandani kwangu. Alikuja na sufuria nzima mikononi, inatoka moshi, akamwaga kwenye miguu ya watu. Walipiga mayowe, wakaruka.

"Mama, una wazimu? Umeniunguza!"

"Na bado nina nyingine jikoni! Mnaua mtu kwa sahani ya kuimba? Aliyeibiwa ni nani? Ajitokeze!"

Nikajitokeza. Nikasema si mwizi, ni mteja, santuri alipewa. Watu wakaniangalia. Fundi wa viatu akaangusha jiwe lake la pili, akasema, "Si ungesema mapema," akarudi kwenye viatu vyake. Hakuna aliyeuliza nani aliita. Wengi walikuwa wameita baada yangu, na kila mmoja alidhani amelipokea neno kwa mwingine.

Mama wa uji na mimi tulimpakia kwenye mkokoteni, nikausukuma mimi mwenyewe hadi hospitali. Damu yake ilinilowesha hadi soksi. Kwa hiyo mke wake alipofika kutoka Bungoma alinikuta mlangoni mwa wodi na damu ya mumewe ikiwa imekauka kwangu, akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyemtoa kwa watu. Mungu akuweke, baba."

Nikasema, "Mama wa uji ndiye." Hiyo ilikuwa kweli. Nyingine sikuisema.

Mumewe alitoka hospitalini akiwa hai, mbavu zikaunga, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Miezi minne ilipita. Kibandani watu waliendelea kuja, na fundi wa viatu aliniomba wimbo wake uleule, nikamchezea. Alijipangusa macho vilevile. Nilitaka kumchukia. Sikuweza, maana nilipokuwa peke yangu niliucheza mimi pia, na hapo anaposhindwa nikaparudisha tena na tena, kama kwanza. Nilikuwa nimefikiri wimbo utaharibika. Haukuharibika. Hilo lilinitisha kuliko damu.

Halafu ujumbe ukaja kutoka Bungoma: njoo Jumapili, baada ya kanisa, tuonane.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, na vitambaa vyeupe kwenye viti. Yeye aliketi kulia kwangu, kovu limemvuta shavu, sikio lake lililokufa likinielekea mimi. Mbele yangu alikaa mdogo wake, mtu mnene wa mabega, mwendeshaji wa trekta. Mke alileta maji tukanawa, akaleta ugali, akaleta kuku. Kisha akachukua kijiko, akatafuta kwenye mchuzi, akaweka firigisi kwenye sahani yangu.

Kwetu firigisi haiokotwi na mtu yeyote. Ni ya mwenye nyumba, na mgeni akipewa, basi nyumba yote imesema huyu ni wetu. Niliitazama pale kwenye sahani. Mdogo wake, ambaye kila l kwake hutoka r, akasema, "Kura, bwana. Hiyo ni yako. Bira wewe tungekuwa tumezika."

Niliishika. Niliipeleka hadi mdomoni. Nikairudisha.

"Mimi ndiye niliita mwizi," nikasema.

Mke alibaki na kijiko hewani. Mdogo wake akauliza, "Ati?"

"Siku ile. Wa kwanza kuita ni mimi."

Mdogo wake alisimama na kigoda chake mkononi, sikumwona akikiinua. Kilinipiga juu ya jicho, nikaenda chini pamoja na meza, mchuzi ukanimwagikia kifuani. Akanikanyaga bega. "Umekura hapa! Umeshika mkono wa shemeji yangu, mbwa wewe!" Alikuwa na haki. Nililala hapo nikaona damu yangu ikiingia kwenye ugali, na nisingemlaumu kwa pigo la pili.

Mwenye nyumba alikuwa ameinuka nusu, anatuangalia wote. "Kuna nini? Amesema nini?"

Sikio lile halikuwa limesikia. Mdogo wake akaniinua kwa kola. "Mwambie. Zunguka huko, umwambie."

Kwa hiyo nilizunguka kiti chake, damu inanichuruzika machoni, nikapiga goti upande wa sikio lililo hai, nikasema mara ya pili. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kisha akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Miaka ishirini nasikiliza sauti za watu, fundi. Nisijue yako? Niliisikia kabla ya jiwe. Ndiyo maana nilitaka kugeuka."

Mke wake akakaa chini. Hata yeye hakuwa ameambiwa.

"Na mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilitaka nione kama utaimeza." Alionyesha firigisi, ilikuwa imeviringika hadi mguu wa kiti. "Ungeimeza, huyu mdogo wangu asingetumia kigoda. Panga liko nyuma ya mlango."

Sikujua kama anatania. Mdogo wake hakucheka.

"Nisamehe," nikasema.

"Bado. Sikio linavuma mchana kutwa. Nikiweka wimbo, mwimbaji namsikia, lakini sijui amesimama wapi. Zamani nilikuwa najua tarumbeta ziko huku, yeye yuko hapa. Sasa wote wako ndani ya ukuta." Akavuta pumzi. "Kule Matisi mimi ni mwizi mpaka leo. Nikipita wanashika mifuko. Rudi, usimame mlangoni mwako mchana, watu wakiwepo. Useme si mwizi. Lakini kwa sauti ile uliyoitia. Si hii ya kunong'ona."

Mke wake alinifunga jicho kwa kitambaa kimoja cha kiti. Mdogo wake alinisindikiza hadi barabarani.

Kesho yake, saa nane, nilisimama mlangoni. Mke wangu alienda kusimama mbali, pale mtu alipoangukia, ili aseme kama inafika. Nikaita kwamba yule wa Moi's Bridge hakuwa mwizi, kwamba mimi ndiye niliyeita, na nilikosea. Vichwa vikageuka. Mwenye baiskeli mmoja akacheka, "Fundi amelewa leo!" Gunzi la mahindi likanipiga kifuani. Fundi wa viatu alisimama, uso umemwiva kwa hasira, akasema, "Sasa unatuita wauaji? Unataka tufanye nini?" Nyundo yake ilikuwa mkononi.

Nilimtazama mke wangu kule mbali. Alitikisa kichwa: haijafika. Fundi wa viatu akaanza kuja. Nikavuta pumzi, nikaita tena.