Siku Tuliyowaficha Watoto

Sijamsamehe kuku yule mpaka leo. Najua kuku hana kosa, lakini nikikumbuka jinsi afisa alivyolitafuna paja lake huku akitusifu, damu hunichemka.

Tulikuwa tunakaa Katelembo, mimi na binti yangu wa darasa la kwanza, aliyeniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Masomo yalikuwa yamefanywa ya bure, watoto wakajaa madarasani hadi sakafuni. Ila wale wadogo waliachiliwa adhuhuri, na mimi nilikuwa kiwandani Athi River nikishona suruali za watu wa ng'ambo mpaka jioni. Sasa mtoto wa miaka sita aende wapi? Alikwenda kwa Susu. Ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mjane aliyepewa na kanisa chumba kimoja cha mabati, akawa anawapokea watoto wetu wakitoka shule. Walilala chini wamebanana, wengine wakikaa nje juani kungoja zamu ya kivuli. Hakuna aliyefukuzwa.

Halafu naibu wa chifu akatangaza kwenye baraza kwamba serikali itasaidia mahali kama hapo. Itajenga chumba cha pili, italeta magodoro, itamlipa hata mtu wa kumsaidia Susu. Afisa angekuja kujionea. Nilipiga vigelegele mpaka koo likanikauka.

Wenzangu wakaitisha kikao. Sisi kwetu mgeni haonyeshwi njaa ya nyumba. Hata kama mmelalia maji, kikombe kizuri lazima kitoke mahali, hata kama ni kwa jirani.

"Ati serikali ikute watoto wetu wamekaa kwa vumbi?" mwenyekiti wa akina mama akauliza. "Watasema sisi ni watu gani? Wanaweza hata kutufungia."

Nikawaambia, jamani, mficha uchi hazai! Tuwaache waone.

"Wewe uko na mdomo mrefu," akanijibu, "lakini hata kiti kimoja huna cha kuleta."

Wakaangua kicheko. Iliniuma, kwa sababu kiti kweli sikuwa nacho.

Siku yenyewe chumba cha Susu kilipendeza, wacha tu! Viti vya kanisa, vitambaa vya kufuma, blanketi jipya la bibi harusi wa juzi. Watoto wachache wenye sare nzima waliachwa ndani, wamepakwa mafuta wakang'aa. Waliobaki walipelekwa katikati ya mahindi nyuma ya kanisa, na wangu akiwa mmoja wao kwa sababu sare yake ilikuwa na viraka. Mwenyekiti aliinama mbele yao, kidole mdomoni.

"Mgeni akija, nyamazeni kabisa. Mtu akisikika, nyumba hatupati."

Afisa alikuwa mtu mpole. Afadhali angekuwa mkali. Alikula kuku tuliyemchinjia, akanywa chai, akatazama huku na huku. "Akina mama, hapa mko sawa kabisa," akasema. "Watoto ni wachache, nafasi iko. Kuna mahali watu wanaumia."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. "Bwana afisa," nikasema, "wengine wako kwa shamba la mahindi."

Mwenyekiti akacheka kwa sauti. "Huyu hupenda mzaha sana!" Akamwongezea chai. Afisa naye akacheka. Susu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Magodoro yakaenda Mwala, na chumba kikajengwa huko. Sisi tuliletewa agizo: Susu asizidishe hata mtoto mmoja juu ya wale afisa aliowaona. Kwa hiyo wa mahindini wakatolewa. Susu mwenyewe alimrudisha binti yangu, akilia kama aliyefiwa. Nikamtundikia mtoto ufunguo shingoni kwa uzi, nikamwonyesha jinsi ya kujifungia ndani na kuningoja. Kazini mkono ulishona, akili ilikuwa nyumbani.

Jioni moja nilimkuta jirani yangu mlangoni pangu. Akaniambia mchana alisikia kishindo, akaja akabisha sana, akaita, kukawa kimya, akadhani hakuna mtu. Nililiita jina la mtoto kwa kelele. Ufunguo ukazunguka polepole kutoka ndani.

Ngai wakwa, Mungu wangu! Alikuwa amewasha stovu apashe uji moto, sufuria ikamwangukia. Mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ngozi ilikuwa inaning'inia. Sweta ameitafuna mpaka ikatoboka. Jirani akashika kichwa, akaanza kulia.

Hospitalini walijitahidi, lakini vidole viwili viligandana na viko hivyo mpaka leo. Huyo mwenyekiti alikuja kutuona na ndizi. Nilimwambia azirudishe kwake, na sijuti.

Usiku ule tukingoja daktari nilimuuliza mtoto, mbona hukumfungulia jirani? Mbona hata hukulia, mama?

Akanitazama kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Mwaitu, nilinyamaza kabisa," akasema. "Nilifikiri ni yule mgeni wa serikali."