Kitabu cha Dawa na Unga wa Muhogo

Askari walipopora kituo cha afya cha shangazi yangu, pale Mususa, walibeba magodoro, ndoo, hata mulango. Kitabu chake cha dawa walikiacha, maana hakiliwi wala hakilaliwi. Shangazi alikuwa infirmière, muuguzi, na kitabu kile kinene alikuwa nacho tangu masomo yake. Tulipokimbilia Vuhovi, yeye alibeba sanduku la vidonge, mimi akanipa kitabu. Kwenye mto mdogo nikateleza juu ya gogo, puu! ndani ya maji. Nikatoka magoti yanavuja damu.

"Kitabu iko wapi?" akauliza. Magoti yangu hakuyatazama hata kidogo.

Tulikiopoa kimevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Mimi nilikuwa nimetoka kupata diplome ya biochimie ya sekondari, na mtu mwenye diplome mupya, Mungu atusaidie! Nikamwambia, "Tantine, unga inakunywa maji. Tutaweka unga ndani."

"Uko hakika?"

"Mais Tantine! Ni science!"

Nikanyunyiza unga wa muhogo kati ya kurasa zote, nikakandamiza kwa jiwe, nikaacha juani siku mbili. Mimi, ambaye kila mwanzo wa mwaka wa shule nilibandika majalada ya madaftari kwa uji wa unga huohuo! Nilipoondoa jiwe, kitabu kilikuwa tofali. Shangazi akakigonga: ko! ko!

"Ile biochimie, ulisomea wapi? Ku banda ya mbuzi?"

Siku ya tatu akaja mama mmoja na mtoto mchanga, mwili moto kabisa. Dawa za watu wazima shangazi alizijua kwa kichwa. Lakini za watoto hupimwa kwa kilo, na jedwali lake lilikuwa ndani ya lile tofali.

"Tantine, kadiria tu," nikasema.

"Kwa mutoto, hapana. Sibahatishi."

Yule mama akakaa mlangoni, anatutazama. Niliona haya.

Pale jikoni mwenyeji wetu alikuwa anachemsha maharagi, na mvuke ulikuwa unainua kifuniko. Nikakimbia, nikashika kitabu juu ya sufuria.

"Sasa unataka kukipika?" akafoka shangazi. Lakini akaja mwenyewe, akashika upande wa pili. Mvuke ukalegeza gundi, tukaanza kuchokoa kwa mpini wa kijiko. Ukatoka ukurasa wa minyoo. Ukatoka wa vidonda, ukafuata wa mapacha. Vidole vilituungua, naye alinitukana kwa Kinande, kwa Kifaransa, na kwa Lingala aliyoisikia kwa askari. Mwishowe ukatoka ukurasa wa watoto, umejaa makamasi ya unga na kunuka maharagi. Akaupangusa kwa kikwembe chake. Namba zilionekana!

Tukamning'iniza mtoto kwenye mizani ya kahawa ya jirani, ndani ya kitenge, anapiga makelele. Shangazi akasoma mstari ule mara tatu, kidole juu yake, akakata kidonge kwa wembe, akakiponda ndani ya maji. Mtoto akatema dawa yote kwenye blauzi ya shangazi. Akakata kingine, na hicho kikashuka.

Kesho yake asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mtoto akalilia ziwa kwa nguvu hata nyumba ya pili wakasikia. Lo, furaha niliyokuwa nayo! Nikaona sasa nimesamehewa, nikaanza kujisifu.

"Unaona, Tantine? Mvuke nayo ni science!"

Hakucheka. Alikuwa anafuta wembe wake, polepole, hathubutu kunitazama. Mwanamke huyu niliwahi kumwona akigombana na askari wenye bunduki, mulango wake uko mabegani mwao.

"Mwaka ule mwingine, kule Beni, sikukuwa nimebeba kitabu," akasema. "Nilibahatisha dawa ya mutoto. Mara moja tu."

Nikarudi kwenye sufuria, kurasa zilikuwa bado nyingi.