Gramu Arobaini

Mdomo wangu hauna breki, na zamani nilikuwa najisifia hilo. Mwaka jana nilimwita mdogo wangu mwizi mbele ya mama. Tulikuwa na kilo ishirini za mbegu za nyasi, za kutosha malisho yote, hekta mbili. Mdogo wangu huyo, Fundi ndivyo tunavyomwita, akaipima mashine ya kupandia hapa uani, ikatoa mbegu sawasawa na hesabu. Kufika shambani, sanduku la mbegu likawa tupu na karibu theluthi ya shamba bado. Nikasema ameuza. Malisho hayakutosha, kiangazi kikaua ng'ombe wanne. Mama naye akafariki akiwa ameniamini mimi.

Mwaka huu nilimwita kwa aibu, maana hakuna mwingine anayeijua mashine ile. Alikuja asubuhi. "Shikamoo, dada," basi, akaenda kwenye kazi yake. Wingu jeusi lilishakaa upande wa shamba, na dukani mbegu zilikuwa zimekwisha. Tukikosea tena, ng'ombe waliobaki nao kwaheri.

Akainua mashine kwa jeki, akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu asipoteze hesabu. Kwa mizunguko ishirini na tano zilitakiwa zidondoke gramu mia kwenye karai. Tukapima kwa mizani yangu ya jikoni: mia na sitini. Akasogeza wenzo wa kupunguza mbegu, akazungusha tena. Mia kamili.

"Haya, twende! Mvua haitusubiri," nikasema.

Hakuinuka. Alikuwa ameikodolea macho mizani.

"Dada, hata mwaka jana ilikuwa mia kamili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapa uani mashine imetulia tuli. Kule shambani inarukaruka kwenye mabonge ya udongo. Mbegu zenyewe nyepesi, zikitikiswa zinashuka zaidi. Hebu piga sanduku."

"Nipige?"

"Piga! Si una mkono mzito wewe?"

Nikapiga kwa viganja viwili, yeye akizungusha na kuhesabu. Nilipiga kwa hasira yote ya mwaka mzima. Ishirini na nne, ishirini na tano. Tukainama wote juu ya mizani.

Mia na arobaini.

Jamani! Hakuna aliyeuza kitu. Mbegu zote ziliingia ardhini, tena nilikuwa nimeziona kwa macho yangu zilivyoota zimesongamana upande mmoja, nikadhani ni baraka.

Akausogeza wenzo tena kidogo, nikapiga, tukapima, hivyo hivyo mpaka ikatoka mia huku sanduku likitikisika. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka kwenye bati.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema, machozi yananitoka. "Nimekudhulumu. Kesho nawaita ndugu wote, nitasema mbele yao."

Alishusha jeki taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ndugu watasikia, dada," akasema. "Mama je? Nani atamwambia?"